Sote Tunadaiwa na Mwalimu wa Hisabati

Kila ifikapo tarehe 5 Oktoba, mataifa huadhimisha Siku ya Walimu Duniani, desturi iliyoanza mwaka 1994. Siku hiyo walimu hupongezwa kwa hotuba, ngoma na vyeti. Sisi tuliovaa sare mara nyingi huwa mbali na sherehe hizo: mmoja yuko lindoni, mwingine yuko njia panda akiongoza magari, mwingine yuko ng'ambo katika kazi ya kulinda amani. Siku hupita, na shukrani zetu hubaki mdomoni. Leo twapenda kuzitoa, hata kama si siku yake, na twazielekeza kwa mwalimu mmoja ambaye askari wengi humkumbuka kwa hofu kabla ya kumkumbuka kwa upendo. Huyo ni mwalimu wa hisabati.

Twasema kwa hofu kwa sababu ni nani kati yetu ambaye hakuwahi kuinamisha kichwa ili asiitwe ubaoni? Ni nani ambaye hakuwahi kumwona mwalimu huyo kuwa mtu mkali, asiyeridhika, anayepata raha kuona wanafunzi wakitoka jasho? Lakini miaka inapopita, na kazi ya ulinzi inapotudai akili iliyonyooka, ndipo tunapotambua kwamba ukali ule ulikuwa sura moja ya mapenzi.

MFANO WA NJORO

Kabla hatujaeleza yetu, yafaa tumtaje mtu aliyeiletea sifa Afrika Mashariki nzima. Huyu ni Bruda Peter Tabichi wa Kenya, mtawa wa shirika la Wafransisko aliyefundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Keriko, iliyoko Njoro, Nakuru. Tarehe 24 Machi 2019, katika mji wa Dubai, alitangazwa kuwa mshindi wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, yenye thamani ya dola milioni moja za Kimarekani. Walimu wapatao 10,000 kutoka nchi 179 walikuwa wamependekezwa.

Shule yake haikuwa na fahari yoyote. Ilikuwa na kompyuta moja tu, na mawasiliano ya intaneti yaliyokuwa yakikatika mara kwa mara. Mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 58 mbele yake. Zaidi ya wanafunzi 9 kati ya kila 10 walitoka katika familia za kimaskini, na karibu theluthi moja walikuwa yatima au waliobakiwa na mzazi mmoja. Wapo waliotembea kilomita saba kufika darasani. Tena ni sehemu iliyoonja uchungu wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2007, na darasani walikaa pamoja watoto wa makabila yaliyokuwa yameshikana mashati.

Bruda Tabichi alifanya nini? Alitoa sehemu nne katika kila tano za mshahara wake kusaidia wanafunzi na jamii. Yeye na wenzake wanne waliwafundisha wanafunzi dhaifu hisabati na sayansi nje ya saa za kazi na mwisho wa juma, na aliwatembelea majumbani kujua yanayowasibu. Alianzisha chama cha amani cha wanafunzi. Wala hakuwashushia kipimo kwa sababu ya umaskini wao. Wanafunzi wa Keriko walibuni chombo cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakakipeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya taifa mwaka 2018, na shule hiyo ikawa ya kwanza miongoni mwa shule za umma. Mwaka 2017, kati ya wanafunzi 59 waliomaliza, 16 waliendelea na vyuo. Mwaka uliofuata waliokwenda vyuoni walifika 26. Chanda chema huvikwa pete.

Mfano kama huo ulionekana pia Marekani. Jaime Escalante, mzaliwa wa Bolivia, alifundisha hisabati katika shule ya Garfield, mtaa wa wafanyakazi wa mji wa Los Angeles. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu mtihani mgumu wa kiwango cha chuo. Watahini wakawatilia shaka 14. Wanafunzi 12 wakakubali kurudia mtihani, na wote 12 wakafaulu tena. Anayefundishwa njia hupita tena na tena, lakini aliyenakili jibu hupita mara moja tu.

MWALIMU WETU WA NYAMIRAMBO

Sasa turudi nyumbani Kigali. Mwalimu wetu sisi hakupata tuzo ya Dubai, na jina lake hatulitaji kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi makuu. Alitupokea mwaka 2009, tulipoingia mwaka wa nne wa sekondari katika mchepuo wa Hisabati, Fizikia na Jiografia. Wasomaji wa rika letu watakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 2008 Serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwalimu wetu alikuwa amesoma na kufundisha kwa Kifaransa maisha yake yote. Wapo wenzake walioona haya, wakawa wanaandika ubaoni bila kusema neno. Yeye aliingia darasani na daftari dogo lenye safu mbili, maneno ya Kifaransa huku na ya Kiingereza kule, akatuambia: "Kwa lugha, mimi na ninyi tu darasa moja. Sentensi yangu ikikosea, nisahihisheni. Hatua yenu ikikosea, nitawasahihisha mimi." Tulimsahihisha kweli, na hakukasirika hata siku moja. Naye alitusahihisha bila huruma.

Sheria yake ilikuwa moja: jibu lisilo na njia halina alama. Ukileta jibu sahihi pekee, utapata sifuri. Ukileta njia ndefu iliyonyooka hadi mstari wa mwisho, kisha ukateleza, utapata alama nyingi na swali moja: "Kosa limetoka wapi?" Hakulifuta kosa kwa kalamu nyekundu. Alilizungushia duara, ukalitafute mwenyewe.

Siku moja alitupeleka uwanjani tuupime Mlima Kigali unaosimama juu ya Nyamirambo. Vifaa vyetu vilikuwa kipima pembe cha plastiki, uzi na jiwe la kufanyia timazi. Tuliutazama mlima kutoka sehemu mbili zilizoachana mita 100, tukapima pembe mbili, kisha tukaanza kukokotoa. Kundi moja lilipata mita 210 kutoka uwanjani hadi kileleni. Kundi letu likapata karibu mita 900. Mlima ni uleule, saa ni ileile! Kwa kuogopa kuchekwa, tuliifuta 900 yetu, tukaandika 240, tukajiona werevu.

Mwalimu alilichukua daftari, akakokotoa upya kwa pembe tulizoziandika, akapata karibu 900. Akatuita mezani. Hakupaza sauti. Alisema: "Kosa la kwanza lilikuwa la pembe, na hilo si aibu. La pili ni la moyo, nalo ndilo linalonipa huzuni." Akatupa sifuri, akaongeza: "Nakudai. Siku utakayojua kosa la pembe lilitoka wapi, njoo uniambie."

MIZANI YA MKAA

Mwaka huohuo tulikaribia kuiacha shule. Mama yetu mzazi alikuwa akiuza mkaa Biryogo, na biashara ilikuwa inakufa mkononi mwake bila yeye kujua sababu. Tukaacha masomo majuma mawili ili kubeba magunia. Jioni moja mwalimu alitokea kibandani na viatu vyake vya shule vyenye vumbi la chaki.

"Hodi hapa," alisema.

"Karibu Mwalimu," Mama akamjibu, akamfutia kigoda. Alidhani amekuja kulalamika. Mwalimu aliamkia, akauliza habari za nyumbani, kisha akaomba kuona jinsi mkaa unavyopimwa.

Gunia moja Mama alilinunua kwa faranga 6,000. Ndoo moja aliiuza 500. Mwalimu alitutaka tujaze ndoo na kuisawazisha mdomoni, tukapata ndoo 14 kutoka gunia moja, yaani faranga 7,000. Kisha akamwomba Mama ajaze kama anavyowajazia wateja. Mama alikuwa mkarimu; kila ndoo aliijaza hadi ikafanya kilele. Gunia likaisha kwa ndoo 11, yaani faranga 5,500. Kwa kila gunia aliloliuza, Mama alikuwa akipoteza faranga 500 mbali na jasho lake.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, majirani hawa ni wazee. Nikiwasawazishia ndoo wataniona nimebadilika."

Mwalimu akamjibu: "Mama, ukarimu wako usiufute. Uhesabu tu." Ikaamuliwa kwamba ndoo ya kilele ibaki kwa bikizee watatu wa jirani, na wengine wote wapate ndoo ya sawa. Tangu siku hiyo sisi tulipewa kazi ya kushika daftari la mauzo kila jioni, na asubuhi tukarudi darasani. Mwalimu hakutoa hata senti moja, kwani pengine hakuwa nayo. Lakini alitoa saa mbili za jioni yake, na saa hizo ndizo zilizotubakisha shuleni. Katika miaka miwili iliyofuata hakutupunguzia swali hata moja kwa sababu ya mkaa.

USIKU WA BUGESERA

Miaka michache baadaye tulikuwa maofisa wanafunzi katika Chuo cha Kijeshi cha Gako, Bugesera. Usiku mmoja tulikabidhiwa dira, ramani na wenzetu wanane, tukatakiwa tuwafikishe mahali fulani kabla ya mapambazuko. Hakukuwa na mwezi. Tuliongoza kwa kujiamini, tukahesabu hatua, na baada ya kilomita nne tukatarajia kukuta njia ya magari. Hatukuikuta. Mbele yetu palikuwa na vichaka tu.

Kila ofisa aliyepita chuoni anakijua kishawishi cha wakati ule. Wenzako wamechoka, wanakutazama, na ulimi unataka kusema: "Bado kidogo, twende." Hapo likatujia daftari la Mlima Kigali, na lile neno la kosa la moyo. Tukasimamisha kundi, tukasema wazi: "Tumepotea, na kosa ni letu." Kisha tukatafuta kosa lilikotoka. Tukagundua kwamba tulipokuwa tukisoma dira tuliisogeza karibu na bunduki, na chuma kikavuta sindano. Nyuzi 3 tu za upotevu, katika mwendo wa kilomita 4, humtoa mtu njiani zaidi ya mita 200. Tukapima upya kutoka vilele viwili tulivyoviona dhidi ya anga, tukachora mistari miwili kwenye ramani, tukapata tulipo. Tulifika tumechelewa dakika 40, lakini tulifika wote tisa.

Usiku huohuo, tukiwa tumeinama juu ya ramani, ndipo tulipolipata jibu la deni letu. Mwalimu wa ramani alikuwa ametuonya kwamba vituo viwili vikitazamwa kwa pembe zinazokaribiana mno, mistari yake hukutana kwa ulegevu, na kosa dogo la jicho hugeuka kuwa kosa kubwa la ardhi. Kumbe mita 100 za uwanjani zilikuwa chache mno kwa mlima ulio mbali vile! Pembe zetu mbili zilikaribia kulingana, na nusu nyuzi ya kosa ikaukuza mlima mara kadhaa.

HISABATI NI SILAHA YA KILA SIKU

Ndugu askari na polisi, tusidhani kwamba hayo ni mambo ya maofisa peke yao. Mpiga mzinga anajua kwamba katika majeshi mengi duara hugawanywa sehemu 6,400, na kwamba sehemu moja, kwa umbali wa kilomita moja, ni karibu mita moja. Akikosea sehemu 50 kwa shabaha iliyo kilomita 8, kombora litaanguka karibu mita 400 kando. Mita hizo 400 zaweza kuwa zahanati, au shule. Raia anayelala usalama karibu na uwanja wa vita analala kwa hisani ya askari aliyeheshimu hesabu.

Askari wa usalama barabarani naye anapofika penye ajali hupima alama za matairi. Urefu wa alama ukiongezeka mara nne, mwendo ulikuwa mara mbili. Kwenye lami kavu, alama ya mita 9 yaonyesha mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa. Alama ya mita 36 yaonyesha karibu 80. Dereva anaweza kusema alikuwa akienda polepole, na shahidi anaweza kununuliwa, lakini kipeuo cha pili hakinunuliki. Polisi aliyekipima sawasawa na kukiandika kwa uaminifu amemtetea marehemu asiyeweza kujitetea. Na asiyepima, akaandika tu namba inayofanana na ya mwenzake, amerudia kosa letu la uwanjani, tofauti ni kwamba safari hii mtu huenda gerezani.

Kwa hiyo, mwalimu wa hisabati alipokuwa akitudai njia badala ya jibu, alikuwa akitufundisha nidhamu kabla ya gwaride. Alitufundisha kuandika tulichokiona, si tulichokitamani, na kuripoti kosa letu kabla halijawaumiza wengine.

WAJIBU WETU

Nchi yetu imeonyesha kwamba inautambua mchango huo. Mwezi Agosti 2022 Serikali ilitangaza kuwaongezea mshahara walimu wa shule za msingi kwa asilimia 88, na wale wa sekondari wenye stashahada na shahada kwa asilimia 40. Tangu mwaka 2016 Kigali ina tawi la Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, na mwaka 2023 mji wetu ulipokea vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa mashindano ya hisabati ya bara zima. Hayo ni mema. Lakini mshahara na mashindano havitoshi kumwambia mtu kwamba kazi yake ilifika mahali. Hilo ni letu sisi tuliofundishwa.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Tusiwe punda. Twashauri mambo matatu. Kwanza, askari anayekwenda likizo na apitie shule aliyosoma, amwamkie mwalimu wake, hata kwa dakika kumi; sare yake mlangoni mwa darasa ni cheti kikubwa kuliko vya karatasi. Pili, aliye mbali na aandike barua au apige simu, ataje jambo moja alilofundishwa ambalo limemfaa kazini, kwani mwalimu hufurahia mfano kuliko sifa. Tatu, sisi tulio wazazi tusimkimbilie mwalimu kwa hasira mtoto anapopewa sifuri. Tuulize kwanza: njia yako iko wapi, na kosa limetoka wapi?

Sisi wenyewe hatuna la kujivunia katika jambo hili. Tulikaa na deni letu zaidi ya miaka kumi, tukisema kila likizo kwamba tutakwenda ijayo. Mwaka jana tukamwona kituo cha mabasi cha Nyabugogo, mvi zimemjaa, mkoba wa vitabu begani, akiwa amestaafu lakini bado anawafundisha watoto wa mtaani kwake jioni. Tulimpigia saluti mbele ya watu. Hakushtuka wala hakuulizia cheo. Alitutazama machoni, akasema: "Kijana wa mita 900! Ulilipata kosa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mita mia zilikuwa chache mno. Pembe zilikaribiana."

Akatikisa kichwa taratibu, akafungua mkoba, akatoa daftari na kalamu, akatuwekea juu ya goti lake.

"Vema," alisema. "Nionyeshe njia."

Tulikosa basi mbili, lakini tulimwonyesha.